Pikapu Yako Nimeirudisha Chini

Temeke, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Idi,

Salamu zangu zikufikie, ingawa najua uko Kinondoni kwa shangazi yako unaaga, na baada ya isha utakuwa umerudi. Mimi ni mzima. Mama yako naye ni mzima, ila tangu adhuhuri hasemi nami, na sababu yake utaisoma humu. Nakuandikia kwa kuwa ukiwa mbele yangu utanikatiza, nami nitapandisha sauti, na tutaishia palepale tulipoishia juzi.

Nianze na lile litakalokukasirisha. Pikapu yako nimeirudisha chini. Yale majani mawili ya springi, vile vyuma bapa ambavyo fundi wa Kurasini alikuongezea jana, moja kila upande wa mbele, nimeyatoa leo asubuhi ulipoondoka. Ukirudi utaikuta uani imeinamisha pua kama ilivyokuwa ulipokabidhiwa na kampuni ya visima. Majani yenyewe sikuyatupa. Yako nyuma ya kiti, nimeyaviringisha katika gunia pamoja na bolti zake, na nimeyapaka grisi yasishike kutu.

Najua utakavyosema. Utasema baba amezeeka, ana wivu na kazi ya fundi mwingine. Juzi ulinieleza vizuri kabisa, tena kwa adabu mwanzoni: "Baba, madereva wenzangu wananicheka. Wanasema gari langu limedondosha sarafu linatafuta. Liweke sawa mbele na nyuma, kazi ya saa mbili tu." Nikakukatalia bila kukupa sababu. Ndipo ukasema lile neno: "Mbona la Bwana Rajabu ulilinyanyua? Mtu baki ulimfanyia, mie mwanao unaninyima." Nikatoka nikaenda msikitini kabla ya wakati, si kwa uchaji, bali sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitamka nikikutazama usoni.

Jibu ninalo. Ninalo kwa miaka minane.

Mambo ambayo baba humwandikia mwana anayesafiri, ale nini, alale wapi, ajihadhari na nani, nimeyaacha. Mama yako atakwambia, na asipokwambia utajifunza kwa kuumwa tumbo kama sisi sote. Mimi nina jambo moja tu.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu Bwana Rajabu aliponunua ile pikapu kwenye mnada wa magari ya jeshi, baada ya vita. Utaikumbuka, ilikuwa na rangi ya majani makavu, ikivuta kwa magurudumu yote manne, na upande wetu huu ilikuwa ya kwanza. Kazi yake kuleta mbata, nazi kavu, kutoka Bunju, na dereva wake alikuwa shemeji yangu Shomari, mjomba wako. Nisikufiche, Shomari alikuwa dereva hodari kuliko wote niliowajua, hata jeshini. Mchanga wa barabara ya Bagamoyo aliujua kwa matako. Alikuwa akikaa tu kwenye kiti anajua tairi gani imepungua upepo.

Gari lile likiwa tupu liliinama mbele, sawasawa na lako. Yote ya namna hiyo ndivyo yanavyoundwa. Springi za nyuma huwekwa ngumu na za juu kwa sababu zitabeba mzigo. Ukipakia, nyuma hushuka, gari hukaa sawa, na magurudumu ya mbele hubaki yameikanyaga ardhi barabara. Hili sikulibuni mimi. Nilifundishwa vitani, huko Bama ng'ambo ya Bara Hindi, na sajini mmoja mkali, tukiwa tope hadi magotini, na alinirudisha mara nne kulitamka hadi likakaa kichwani.

Sasa pale Kariakoo alikuwapo Mihayo, Mnyamwezi muuza tumbaku, na wewe unajua Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani. Mtani hana mpaka. Atakuvua kofia, atakutukania babu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Bwana Rajabu alipofikisha gari lake sokoni siku ya kwanza, amevaa kanzu mpya, Mihayo alilizunguka gari mara mbili, akainama, akalichungulia uso.

"Mzaramo, mbona gari lako linasujudu na adhana bado?"

Soko zima likacheka. Bwana Rajabu naye akacheka, maana afanyeje.

"Au linaomba radhi," Mihayo akaendelea. "Limejua litabeba Wazaramo, linasema nisameheni wazazi wangu."

Iliendelea hivyo wiki nzima, kila gari lilipoingia. Mwisho Bwana Rajabu akaja hapa uani kwetu. Hakuketi hata kwenye mkeka. "Fundi, linyanyue mbele. Nataka nikiweka sinia la maji juu ya boneti, maji yasimwagike."

Nilijua, Idi. Soma hapo taratibu. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua kwamba gari likinyanyuliwa mbele likiwa tupu, likipakiwa litainua pua juu, uzito utakimbilia nyuma, na magurudumu ya mbele yatagusa tu mchanga bila kuukanyaga. Usukani utakuwa mwepesi, na dereva atafurahia wepesi huo mpaka siku atakapouhitaji usukani. Nilijua yote, nikasema, "Hewala bwana." Sababu ni mbili. Ya kwanza, Mihayo alikuwa amenigeukia na mimi, akisema gari la Bwana Rajabu linainama kwa aibu ya kuwa na fundi kama mimi. Ya pili, nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Nikaongeza jani moja kila upande, nikalikunja motoni mwenyewe, kazi safi kabisa. Tukaenda sokoni na sinia. Maji yakatulia. Mihayo akalitazama lile sinia, akanywa yale maji, akaondoka. Nililala siku ile nimejaa sifa.

Shomari alirudi safari ya kwanza akanikuta hapa nikipiga nyundo. "Shemeji, usukani umekuwa mwepesi mno. Nikiwa mtupu sawa, lakini nikipakia, gari halinisikii."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Ilikuwa kazi ya saa mbili, kama ulivyosema juzi. Nikamjibu, "Wewe umezoea punda. Mikono mizito." Akacheka. Alinipenda, na alikuwa ananiamini kwa chuma kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Wiki ya tatu akaja na gunia za mbata kutoka Bunju, gari limejaa hadi juu ya bodi. Kuna mteremko unaokwenda kwenye daraja la mbao, na kabla ya daraja barabara inakata kulia. Alikata usukani. Magurudumu yakageuka, gari halikugeuka. Likaenda moja kwa moja mtaroni, likalala ubavu, na mguu wake ukabaki chini ya mlango. Walikuja watu wa shamba la jirani, wakalisukuma. Mguu haukukatwa, lakini unajua anavyouburuta.

Nilimkuta hospitali siku hiyohiyo. Alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Usukani niliukata, shemeji. Nakuapia niliukata mapema."

Nikamwambia, "Pumzika."

Hilo ndilo neno nililompa.

Gari likaletwa kwangu litengenezwe, na kabla fundi mwingine yeyote hajalichungulia, niliyatoa yale majani mawili, nikampa mhunzi wa Mbagala akatengeneza mapanga. Tangu siku ile hakuna aliyejua kwamba ndiyo yaliyomwangusha Shomari, na gari lilipoinama tena watu walidhani ni ajali iliyolilegeza. Nilipomaliza, nilinawa mikono mara tatu.

Sasa nisikilize hili lililofuata, kwani kwangu mimi ndilo baya kuliko ajali. Shomari aliporudishwa nyumbani, watu wakaja kumjulia hali. Bwana Rajabu alikuwapo, amekaa karibu na mlango, uso umemkunjamana kwa hasara. Na Mihayo akaja, maana mtani haachi kuja kwenye msiba wala ugonjwa, ndiyo kazi yake, kuwafuta watu machozi kwa kicheko. Akachukua ungo aliokuwa akipepetea mama yako pale, akakaa juu ya kinu, akaushika ule ungo kama usukani. Akaendesha. Akapiga honi kwa mdomo. Kisha kichwa kikaanza kushuka, kikashuka, akakoroma, akaanguka na kinu chake. Watu wakashika mbavu.

Mihayo hakuwa na ubaya. Alitaka kumchekesha mgonjwa. Lakini kicheko kilipotulia, Bwana Rajabu akauliza, naye hakuwa akitania: "Hivi kweli, Shomari, ulisinzia?"

Ukimjibu mtani kwa ukali umejidhalilisha. Shomari angesema "Sikusinzia" pale, mbele ya Mihayo na ungo wake, angeonekana mtu asiyejua utani, anayetafuta pa kujificha. Akatabasamu. Akanitazama mimi. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye shemeji, neno langu moja lingetosha, watu wangenyamaza wakasikia.

Nikacheka, Idi. Nilicheka na wenzangu.

Basi mchezo wa Mihayo ukawa ndio habari yenyewe. Hakuna aliyesema Shomari kasinzia, na kila mtu alijua Shomari kasinzia. Bwana Rajabu akamwachisha kazi. Wengine wenye magari hawakumchukua. Mihayo mwenyewe alipoona mambo yamekwenda huko, aliwahi kuniuliza pembeni, "Fundi, kwani nilimharibia yule bwana?" Nikamwambia hapana. Alikufa na jibu langu hilo.

Na wewe. Wewe na wenzako mlimwita Mjomba Sinzia. Mlikuwa mkimpita pale Tandale anauza mkaa mnapiga mikoromo. Nilikusikia mara nyingi. Mara moja ulifanya hapa nyumbani, mbele yangu, naye amekuja na mguu wake kuleta kikapu cha mkaa sikukuu ya Idi, na mama yako akakuchapa kofi. Mimi niliendelea kula. Tangu ulipojua kuendesha, hata shikamoo unampa ukiwa unatembea, bila kusimama. Mimi ndiye niliyekufundisha dharau hiyo, kwa kunyamaza kwangu tu. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Ndiyo maana juzi sikuweza kukujibu. Na jana jioni ulipoingia na pikapu imesimama wima, umepiga honi mara tatu ili nitoke nione, nilitoka, nikaona, nikasema "Haya," nikarudi ndani. Nilikaa kitandani. Kesho unapakia mabomba na saruji za visima pale bandarini, unakwenda Iringa, unapandisha ile milima na kuiteremka upande wa pili. Nilikuwa naliona daraja la mbao.

Leo asubuhi nikafanya kazi yangu. Fundi wa Kurasini alikunja chuma vizuri, sina la kumlaumu, alifanya ulichomwomba kama mimi nilivyofanya. Nilipoyatoa majani yake niligundua jambo ambalo wote wawili hamkuliona: springi yako ya kushoto mbele imechoka, imeshuka vidole viwili kuliko ya kulia. Ndiyo iliyokuwa inalifanya gari lionekane limeinama kupita kiasi. Nimelitoa jani lake kubwa, nimelipasha moto, nimelirudishia mkunjo wake. Halafu nikaomba majirani wanisaidie kujaza gunia ishirini za mchanga, tukazipakia zote, nikapima kwa uzi kutoka ekseli hadi chesisi, kushoto na kulia. Watu walijaa uzioni. Mmoja akauliza kama fundi ameanza biashara ya kuuza mchanga wa Temeke kwa watu wa Temeke. Nilipima mara tatu, nikashusha gunia, nikapima tena.

Kushoto na kulia sasa ni sawa. Mbele na nyuma si sawa, na hazitakiwi kuwa sawa gari likiwa tupu. Kesho ukishapakia, simama pale pale bandarini, shuka, litazame kwa ubavu. Litakuwa limenyooka. Jaribu usukani. Utauona mzito kidogo, na uzito huo ndio ninaoutaka mikononi mwako.

Lakini wewe ni mtu mzima na gari umekabidhiwa wewe. Majani yako nyuma ya kiti, kama nilivyosema. Njiani kuna mafundi, na kila mmoja atayarudisha ukimlipa. Sitaki kuyaficha kama nilivyoficha yale mengine. Ninachotaka ni kwamba ukiamua kuyarudisha, ujue unafanya nini, kama mimi nilivyojua.

Utachekwa huko uendako. Utachekwa kwa lafudhi yako, kwa kanzu yako, kwa gari lako kuinama, na utachekwa na watu wazuri wasio na nia mbaya. Mimi sijui namna ya kuzuia hilo lisiume. Nina miaka hamsini na mbili na jana nilipoona watu wanaitazama pikapu yako kwa kuisifu, kuna sehemu ndani yangu iliyofurahi. Nakwambia tu kwamba mimi niliogopa kicheko cha soko moja, na nilicholipa hakikuwa changu. Kilikuwa mguu wa mtu mwingine, na jina lake.

Mama yako nilimwambia leo baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa anapepeta mchele wa safari yako. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo chini akasema, "Miaka minane ninamwombea ndugu yangu radhi kwa watu, kumbe kosa liko kitandani kwangu." Akaingia chumba cha nyuma. Nimemsikia akifungua sanduku na kulifunga. Sijui kesho atakuwa hapa au hatakuwapo, na sitamuuliza. Ukimkuta macho, usinitetee.

Nimefikiri sana nianze na nani. Kwa haki ningeanza na Shomari, kisha mama yako, kisha wewe. Nimeanza na mama yako, nikaja kwako, na ninayemwogopa zaidi nimemwacha mwisho, na hilo nalo ni woga, nalijua. Alfajiri nikishaswali nitachukua baiskeli niende Tandale. Nitamwambia usoni, mbele ya mkewe na mbele ya wateja wake wa mkaa kama watakuwapo, kwa sababu aliaibishwa mbele za watu. Kisha nitakwenda kwa Bwana Rajabu nimwambie na yeye. Kama watanifungia kazi wote Temeke hii, nitakuwa nimepata nilichompatia shemeji yangu.

Wewe utakuwa unatoka bandarini na mzigo kama saa mbili. Barabara ya Morogoro inapita Magomeni, na kutoka hapo hadi kwa mjomba wako si mbali. Pitia. Sikuamuru, nakuomba, na ni ombi langu la kwanza kwako tangu uzaliwe. Nitakuwa nimefika kabla yako. Ukinikuta nimekaa ndani nao, ingia ukae nasi. Ukinikuta nimesimama nje ya mlango uliofungwa, usisimame nami na usiniulize kitu. Nipite, bisha hodi, useme ni wewe, na wakikufungulia uingie uwaache waufunge tena.

Ni mimi baba yako,
Mohamedi bin Salumu, fundi